Biwi Kwanza, Mbegu Baadaye

Majirani wa mitaa mingine wakiniuliza namna ya kuanzisha bustani ya pamoja, swali lao la kwanza huwa ni mbegu. Mbegu nzuri za sukuma zinauzwa wapi, spinachi gani inastahimili jua la Mombasa, miche ya mipapai inapatikana kwa nani. Mimi nami huwauliza: taka zenu za jikoni zinakwenda wapi? Wapo wanaodhani nimewakwepa. Lakini kwa miaka niliyolima na majirani zangu hapa Mtopanga, nimeona bustani za mtaa zikifunguliwa kwa miche mizuri na picha nyingi, zikafa kabla ya kaskazi, majira yetu ya joto, kwisha. Zile zilizodumu zote zilikuwa na biwi la mboji, yaani rundo la taka zinazooza kuwa mbolea, linalolishwa kila siku. Mtaa usioweza kulisha biwi moja mwaka mzima, sioni utakavyotunza bustani.

Sababu ya kwanza iko chini ya miguu yetu. Kuanzia Nyali mpaka Shanzu tumekaa juu ya jiwe la matumbawe, na juu ya jiwe hilo pana mchanga ambao mahali pengine hata jembe halizami lote. Maji ukiyamwaga asubuhi, adhuhuri pamekauka. Samadi nayo hailali ardhini muda mrefu, kwa sababu joto letu huiozesha na kuimaliza upesi. Tena ardhi yenyewe imejaa chokaa, na hapa ndipo ushauri wa bara unapotudhuru. Ndugu zetu wa Kisii na Kiambu hunyunyiza jivu shambani, na kwao ni sawa kwa sababu udongo wao mwingi una asidi. Kwetu jivu linaongeza kitu ambacho tayari kimezidi. Utaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mmea unakosa madini ya chuma, na mara nyingi chuma kimo ardhini ila chokaa imekifunga, mizizi haiwezi kukifikia. Mkulima asiyejua hukimbilia mbolea ya dukani, akamwaga pesa, na majani yakabaki vile vile. Mboji nyingi, msimu baada ya msimu, ndiyo iliyotusaidia. Jivu la majiko yetu sasa haliingii bustanini kabisa.

Anayeshuku kwamba udongo waweza kutengenezwa juu ya jiwe tupu, apande matatu aende Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, matumbawe matupu yaliyochimbwa hadi karibu na maji yenye chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyetoka Uswisi, alianza kujaribu miti humo. Kati ya aina 26 alizopanda, tatu tu zilishika, na mvinje ndio uliotegemewa zaidi. Mizizi ya mvinje hushirikiana na vijidudu vinavyochukua naitrojeni hewani, kwa hiyo mti huo unaweza kukaa mahali pasipo na chochote. Shida ilikuja baadaye: majani ya mvinje, membamba na makavu, yalianguka yakarundikana bila kuoza. Akaletwa jongoo. Jongoo wakayatafuna majani, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, na juu ya udongo huo mimea mingine ikaota. Leo pale kuna msitu, kuna twiga na viboko.

Tulikwenda kikundi kizima pamoja na watoto. Sikuhitaji kuwahubiria tena. Mzee mmoja wa mtaani, tunayemwita Babu, alisimama mbele ya ukuta wa machimbo ya zamani, akaugusa kwa mkono, akasema, "Basi sisi tulio na mchanga tunalalamika nini?" Tangu siku ile hakuna mtoto anayemuua jongoo kwenye biwi letu. Wakimkuta njiani wanamchukua kwa jani na kumleta.

Sasa nieleze biwi lenyewe, kwa kuwa wengi hulijaribu likanuka, majirani wakalalamika, likaachwa.

Jikoni za Mombasa zina taka zake. Nyumba haikosi machicha ya nazi, maganda ya ndizi, maganda ya mihogo, mashina ya mchicha, mbegu za embe, maganda ya mayai. Wauza krisipi za mihogo wa barabarani wana magunia ya maganda wasiyojua pa kuyapeleka. Wauza madafu vivyo hivyo. Vyote hivi ni mali, lakini vingi ni vibichi na vina maji, na biwi la vitu vibichi vitupu huoza kwa uvundo. Kila ndoo moja ya taka za jikoni huifunika kwa ndoo mbili za vitu vikavu, hata zaidi: majani ya mwembe, ya mwarobaini, ya mvinje, nyasi zilizokauka, randa za mbao kutoka kwa seremala, matandiko ya banda la kuku. Machicha hayaachwi juu hata kidogo. Yanafukuliwa shimo katikati ya biwi, yanazikwa, kisha majani makavu juu yake. Ukiyaacha wazi, usiku huo huo panya wamefika, na jirani akiona panya hutamwambia kitu akakusikia tena.

Unyevu hupimwa kwa mkono. Chukua konzi ya mboji ukamue kama unavyokamua nazi. Likitoka tone moja au mawili, pazuri. Likitiririka tui, ongeza vikavu na ulipindue. Kisipotoka kitu na konzi ikasambaratika, linyunyizie maji. Joto tunalipima kwa kipande cha nondo kilichochomekwa katikati: ukikichomoa, kiwe cha moto kiasi cha kushindwa kukishika sawasawa. Biwi lenye afya ndani yake hufika nyuzi 55 hadi 65, na moto huo ndio unaoua mbegu za magugu na magonjwa mengi. Kimo na upana wake visipungue mita moja hivi, maana biwi dogo halishiki joto. Likipoa, tunalipindua, la nje liende ndani. Kwa hali yetu ya hewa, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu au minne limekuwa jeusi, linanukia ardhi ya mvua, na huwezi tena kutambua ganda la ndizi.

Makumbi ya nazi ni habari nyingine. Hayaozi kwa msimu wala kwa mwaka, kwa hiyo hayaingii kwenye biwi. Sisi huyapanga chini ya matuta, kwa sababu yanashika maji vizuri, au tunayalaza kuzunguka mashina ya mibiringani yawe matandazo. Ila uangalie yalikotoka. Makumbi yaliyokuwa yamefukiwa pwani kwa ajili ya kusuka kamba yamejaa chumvi. Hayo yalazwe nje yanyeshewe na masika mazima kwanza.

Tena kuna chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi. Hutaga mayai kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye mabiwi. Buu wake ni mnene, mweupe, amejikunja. Mwenye biwi karibu na minazi ya watu ana wajibu hapa: kila unapopindua, waokote mabuu hayo uwape kuku. Usimchanganye na funza wa kijivu, wadogo, wembamba, wanaojaa kwenye taka mbichi. Wale mara nyingi ni wa nzi askari mweusi, ambaye haingii majumbani wala hatui juu ya chakula, na kazi yake kwenye taka ni kubwa. Nimetumia jioni nyingi kuwaelezea kina mama hilo mmoja mmoja, na bado wapo wanaofumba macho wakipita.

Mwezi wa Ramadhani ndio unaolijaribu biwi kuliko mwezi wowote. Kila nyumba inakuna nazi, matikiti maji yanakatwa kila magharibi, mihogo, ndizi za kupika, maboga, maembe kama ni msimu wake. Taka mbichi hupanda ghafla, na wenye kufanya kazi wamefunga, hawana nguvu za kupindua mchana. Bila maandalizi, biwi linageuka uji wenye kunuka kabla ya kumi la kwanza kwisha. Kwa hiyo Shaaban yote, mwezi unaotangulia Ramadhani, sisi hukusanya majani makavu. Vijana hupita na magunia chini ya miembe na mivinje, wanayajaza, wanayapanga chini ya paa ili yasinyeshewe. Kupindua hufanyika baada ya tarawehe, kwa taa. Wakristo miongoni mwetu hubeba kazi ya mchana mwezi huo bila kuombwa, na Krismasi tunawarudishia.

Hapa ndipo ninapofika kwenye sababu ya pili, ambayo kwangu ni nzito kuliko udongo. Jembe linawabagua watu. Si kila mtu anaweza kulima. Yuko bibi mwenye magoti mabovu, yuko kijana anayefanya zamu za usiku bandarini, yuko mama mwenye mtoto mchanga mgongoni. Bustani ikihesabu jasho la jembe tu, hawa wote wanakuwa wageni, na wageni hawalindi kitu. Lakini kila nyumba inapika. Kila nyumba ina ndoo. Tulikubaliana kwamba anayeleta ndoo ni mwenye bustani sawa na anayelima, na siku ya kuvuna anapewa fungu lake. Uamuzi huo ulipingwa sana na wenye kulima, na naelewa uchungu wao. Ila tazama kilichotokea: nyumba zilizokuwa hazijui jina la kikundi zikaanza kupita pale kila jioni, zikaona mche uliolala, zikaona mbuzi aliyeingia, zikamfukuza. Wizi wa mboga ulipungua bila uzio mpya kujengwa.

Ndoo nazo zina adabu zake. Mwanzoni zilikuja na chupa, mifuko, hata pampasi. Kikao kimoja nusura kivunjike kwa sababu mtu alitajwa jina mbele ya wenzake. Bibi mmoja mkubwa wa mtaa ndiye aliyetuonyesha njia. Ndoo iliyoharibika aliifunika kwa kitambaa, akairudisha mwenyewe hadi mlangoni wakati hakuna watu, akasema, "Mwanangu, nimekuletea ndoo yako, naona hii ya leo imechanganyika na ya jalalani. Kesho nitapita tena." Basi. Hakuna aliyerudia mara ya tatu. Ningekuwa na uwezo, kila kikundi kingekuwa na mtu wa namna hiyo kabla ya kuwa na mwenyekiti. Aliye na ulimi wa kusitiri watu anaifaa bustani kuliko aliyesomea kilimo akawa mkali.

Kwa wenye kutaka kutusaidia, nasema kwa heshima zote: mtuletee ndoo zenye vifuniko na wilibaro moja imara kabla ya mbegu. Mbegu za mchicha na kunde tunajizalishia wenyewe.

Maji ndiyo yanayofuata. Ya bomba hutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kwenye mto Sabaki, na hayatoki kila siku. Ya mkokoteni yana bei, huwezi kumwagilia matuta kwa mitungi ya kununua. Yanabaki ya kisima, nayo yana chumvi, hasa Januari hadi Machi mvua zikiwa hazipo. Kuishi na maji haya kunawezekana. Usimwage juu ya majani, hasa jua likiwaka, kwa sababu maji hukauka na chumvi ikabaki kuyaunguza. Mwaga shinani. Afadhali kumwagilia mara chache kwa maji mengi yanayozama na kuisukuma chumvi chini ya mizizi, kuliko kunyunyiza kidogo kidogo kila siku, maana hapo chumvi hujikusanya juu. Funika udongo kwa matandazo mazito. Na uchague cha kupanda: spinachi ni jamaa wa mmea wa pwani na huvumilia, mchicha nao unajitahidi, lakini maharagwe, karoti na vitunguu vitakukatisha tamaa. Masika yakija, Aprili hadi Juni, mvua huosha matuta bure.

Mvua hiyo ikingwe pia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 40 za mraba, siku ya mvua ya milimita 30, lina lita 1,200, ukitoa zinazomwagika kidogo. Mombasa hupata kama milimita 1,000 kwa mwaka na Mei ndio mwezi wa mvua kubwa, na bado tunaona maji haya yote yakikimbilia mtaroni huku tukisubiri mkokoteni. Maji matamu ya paa tunayahifadhi kwa ajili ya kitalu tu. Mche mchanga haustahimili chumvi.

Kuhusu mimea yenyewe sina mengi. Kunde, mchicha, mnavu, mabenda, biringani, matembele: hivi vinaijua Pwani na Pwani inavijua, tena ndivyo vinavyopikwa. Usipande kitu ambacho wapishi wa mtaa hawakipiki. Mchicha usiung'oe, ukate ukiacha vifundo vitatu chini, utachipua tena. Nyanya inawatesa wengi kwa sababu wanaipanda wakati mbaya. Usiku ukiwa na joto kupita nyuzi 24, chavua yake hudhoofika na maua hudondoka bila kushika, na hivyo ndivyo usiku wetu wa kaskazi ulivyo. Ipande Mei, izae Julai na Agosti upepo wa kusi ukiwa umepoza mji. Mnyanya au mbenda ukidumaa bila sababu, ung'oe uangalie mizizi. Ukiona vinundu vinundu, hao ni minyoo fundo, wapenzi wa mchanga wa joto. Mizizi hiyo usiitie kwenye biwi, ichome, na tuta hilo upande mchicha au mahindi kwa msimu au miwili, usirudishe jamii ya nyanya. Vidukari kwenye kunde tunavinyunyizia maji ya mwarobaini: majani yaliyopondwa na kulowekwa usiku kucha, yakachujwa, yakatiwa sabuni kidogo. Nyunyiza jioni. Jua huivunja nguvu dawa hiyo.

Limebaki suala la ardhi, na hili ndilo linalonyima watu usingizi. Bustani nyingi za mtaa ziko kwenye viwanja vya watu. Mwenye kiwanja chetu alikuwa mkarimu kwa muda mrefu, kisha watoto wake wakakua, wakahitaji kujenga, na nusu ya kiwanja ikarudi kwao. Ilikuwa haki yao. Lakini udongo tulioutengeneza hatukuuacha chini ya msingi wa nyumba. Tuliwaomba ruhusa, wakakubali, na mtaa mzima ulitoka na magunia na mikokoteni. Tuliupakia ule weusi wa juu, tukauhamishia uani kwa madrasa ya jirani, tukaumwaga juu ya makumbi kwenye matuta ya kuinuka yaliyozungushiwa mawe. Mchicha uliota pale mapema kuliko ulivyowahi kuota kwenye kiwanja cha kwanza tulipokianza.

Safari hii tulitaka maandishi. Kamati ya madrasa ilitupa barua yenye mambo machache: mpaka wa eneo, nani anashika ufunguo wa lango, maji ya nani yanatumika, fungu la chakula cha watoto, na kwamba wakihitaji eneo lao watatuambia msimu mmoja kabla ili tuvune na kuhamisha udongo wetu. Kifungu hicho cha mwisho kiandikeni hata kama mwenye ardhi ni shemeji yako. Asiye na ua wala kiwanja, anayekaa ghorofani, aanze na ndoo yenye kifuniko na gunia la majani makavu kando ya mlango wa jikoni, na atafute biwi lililo karibu naye la kupeleka. Letu linapokea kila siku baada ya alasiri.